Siku Kwaya Ilipoiimbia Bastola ya Mzee Gaston

Ngoja niseme aibu yenyewe kwanza, maana najua wengine wenu mmeshaiona ile video na mnasubiri tu nifungue mdomo. Ndiyo, ni mimi, Bahati fundi kufuli wa Saint-Gilles, hapa Brussels, niliyeipeleka kwaya nzima ya parokia kwenye uwanja wa shabaha, na sare zao na sufuria zao, ikashangilie bastola moja ya zamani ya Kijapani, na bastola badala ya kusema "paa" ikasema "tak", kama mtu anayezima taa ya chooni. Na kwaya ikaimba! Aleluya kwa sauti nne, vigelegele, leso hewani, kwa ajili ya tak.

Chekeni, nimeshazoea. Lakini mkimaliza mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu hiyo tak mnayoicheka siyo inayoninyima raha.

Mzee Gaston alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya chini kwa miaka kumi na mmoja, mzungu mwembamba aliyefanya kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka kiwanda kikafungwa, na kwa miaka tisa ya mwanzo hatukusemeshana zaidi ya bonjour na habari ya mapipa ya taka. Kisha mkewe, Madame Simone, akafariki, na siku moja mzee akapanda ngazi taratibu, akagonga kwangu, akasema kufuli ya chumba chake cha chini ya ardhi imekataa kufunguka na amesikia mimi ndiyo kazi yangu. Nikashuka na mkoba wangu. Kufuli ilinichukua dakika mbili. Kahawa ikanichukua saa tatu, kwa sababu nyuma ya mlango ule kulikuwa na meza ya fundi, na mimi nikiiona meza ya fundi miguu hukataa kuondoka.

Lazima niwaambie kidogo habari za baba yangu, mtanisamehe. Baba alikuwa na kibanda Kadutu, Bukavu, akitengeneza saa, cherehani, redio, na chochote chenye springi ndani. Nilikulia chini ya meza yake. Mpaka leo nikinusa mafuta ya cherehani namsikia akikohoa, nasikia mvua kwenye bati, namuona anavyoinua kioo chake cha jicho na kusema "leta ile ndogo", na mimi najua ni ipi bila kuuliza. Vita vilipokuja kibanda kilikwenda, meza ilikwenda, na baba akafuata baada ya miaka michache akiwa mbali nami. Mimi nikafika huku nikawa mtu wa kufungulia watu milango waliyojifungia nje (kazi nzuri, siilaumu, lakini mlango ni mlango tu). Kwa hiyo nilipoona ile meza ya Gaston, na jiliwa lake, na vifaili vyake vimepangwa kwa ukubwa, na ile harufu, nikakaa bila kukaribishwa.

Ndani ya droo kulikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku kulikuwa na bastola ile. Ni ya zile za silinda ya matundu sita, iliyotengenezwa zamani sana kwa ajili ya jeshi la Japani, nzito, nyeusi, na ubavuni ina maandishi madogo ya kwao. (Karatasi zake zote zilikuwepo, na zangu za klabu ya shabaha pia, kwa hiyo msinitazame hivyo.) Madame Simone ndiye aliyeinunua, mwaka waliooana, kwenye soko la vitu vikuukuu kule Marolles. Muuzaji alimwapia kwamba ni kazi ya mafundi wa Liège, mji wa Ubelgiji unaosifika kwa bunduki, na yale maandishi ni alama za siri za fundi. Simone akaileta nyumbani imefungwa utepe, zawadi kwa mumewe. Gaston akajua dakika ileile kwamba mkewe ametapeliwa. Akambusu, akasema, "Ndiyo, ya Liège, unaona chuma chake kilivyo?" Na uongo huo akautunza zaidi ya miaka hamsini, mpaka siku ya kumzika.

"Kila alipopangusa vumbi," Gaston akaniambia, "alikuwa anasema: siku moja utaifanya izungumze, Gaston. Nami nikamwambia, siku moja." Haikuwahi kuzungumza. Risasi za bastola ile hakuna anayeziuza tena, viwanda viliacha kuzitengeneza siku nyingi, na anayezitaka lazima azitengeneze kwa mikono yake moja moja. Mikono ya Gaston ilikuwa imeshapinda kwa ugonjwa wa viungo. Akaitazama yangu.

Basi ndivyo tulivyoanza, na niwaambie kweli, majira yale ya baridi ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote niliyoishi katika mji huu. Kila Jumatano mchana nilishuka. Kulikuwa na redio ndogo inayoimba nyimbo za vijana wa wakati wake, kahawa, biskuti za mdalasini, na mvua ya Brussels inagonga kidirisha cha juu usawa wa barabara ambapo tuliona viatu vya watu tu vikipita. Gaston alisoma kwenye daftari lake, mimi nilikereza. Tulichukua maganda ya risasi nyingine yenye umbo la jirani, tukayapunguza, tukayapima, tukakosea. Mara ya kwanza tulipoenda uwanjani ukingo wa ganda ulikuwa mnene, silinda ikakwama hata kuzunguka haikutaka. Mara ya pili zile fataki za kwenye kitako cha ganda, zinazowasha baruti zikigongwa, zilikuwa ngumu na springi ya bastola ni bibi kizee, inagonga kama inaomba ruhusa. Mara ya tatu baruti ilikuwa kidogo mno, kichwa cha risasi kikaingia kwenye mtutu kikalala humohumo, na Dirk, msimamizi wa uwanja, Mflamand mwenye kizibao cha rangi ya chungwa na uso wa mtu aliyeamka kabla ya jogoo, akatuambia kwa heshima tufunge virago. Nikakitoa kwa kijiti cha mti nyumbani, Gaston anacheka mpaka anashika ubavu. Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba kushindwa kule kulikuwa kutamu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na nne, na kuna mzee ananiambia "leta ile ndogo", na mimi najua ni ipi.

Mwezi wa tatu tukapata. Bastola ikalia mara moja, mbili, tatu, bila kugoma, mikononi mwangu, tulipojaribu mara ya mwisho bila Gaston kuwapo kwa sababu alikuwa na mafua. Nikarudi nikamwambia. Akavua miwani akaipangusa muda mrefu. Maganda yetu mengi yalikuwa yamepasuka midomo kwa hiyo yaliyofaa yalitosha risasi sita tu, na hizo sita Gaston alizing'arisha kwa kitambaa cha shati lake la zamani akazipanga kwenye kisahani cha kikombe.

Hapa ndipo mnapotakiwa kunisikiliza vizuri. Binti yake alikuwa amempatia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko huendi na bastola hata iwe ya babu wa mfalme wa Japani. Mtu mmoja mkusanyaji wa vitu vya kale angekuja kuichukua Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku, moja, hakuna nyingine. Na Gaston alitaka kufyatua mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, kwa sababu ni yeye aliyeahidi. Sasa bastola ile haina pale pa kuvutia nyundo kwa kidole gumba kama zile za sinema. Kila risasi lazima uvute kifyatulio chote toka mwanzo mpaka mwisho, na ni kigumu. Gaston alikuwa amefanya mazoezi jikoni wiki sita, bastola tupu, mtutu ukutani. Mara tatu aliweza. Ya nne kidole kilikufa mpaka kesho yake.

"Tatu zinanitosha," alisema. "Moja yake, moja yangu, moja ya Mjapani."

Na kuna jambo la pili. Silinda ya bastola ile ina kasoro ya kuzaliwa: ukiwa hujavuta kifyatulio hakuna kinachoishika, inazunguka yenyewe ukiigusa, kama gurudumu la cherehani lililovuliwa mkanda. Ukijaza matundu yote sita haidhuru, popote inapokwenda kuna risasi. Lakini ukijaza nusu, na ukaigusa, hujui tena iliyo mbele ni ipi. Gaston alinionya mara kumi. Nilimjibu mara kumi, "Papa Gaston, mimi ni mtoto wa fundi."

Mdomo huponza kichwa. Jumapili iliyotangulia siku hiyo, baada ya misa, nimesimama nje ya kanisa na koti langu zuri, akaja Maman Béa, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya na ndiye kiongozi wa kila kitu.

"Shemeki, samedi répétition ni saa kumi, na ba-ténor beko babili tu. Usikose."

Ningeweza kusema Jumamosi nina kazi, mazoezi yanisamehe. Ningeweza kusema naumwa. Nikasema, "Samedi siwezi, maman. Niko na ka-cérémonie na muzee wa chini."

Cérémonie! Nani alinituma? Mkongomani ukimwambia neno cérémonie, yaani sherehe, ni sawa na kumpigia ngoma, hawezi kubaki amekaa. Ikabidi nieleze, na nikaeleza kwa mapambo, bastola ya Kijapani, risasi nilizotengeneza kwa mikono yangu hii, watu wakaanza kukusanyika, na Tonton Prosper, ambaye tangu tukiwa Bukavu hajawahi kuamini kitu kinachotoka kinywani mwangu, akacheka kwa pua.

"Weye? Utengeneze masasi? Bahati, weye unatengenezaka bifungulo."

"Nitakuonyesha," nikasema.

"Utanionyesha nini? Alors, onyesha!"

"Bon," akakata Maman Béa, "tunakuya bote. Muzee ana siku yake, atabaki peke yake sawa muntu asiye na batu? Non. Tutavaa uniforme."

Furaha, mke wangu, akanivuta mkono pembeni. "Ulimuuliza muzee kama anapenda batu?" Nikamwambia atafurahi sana. Nilipomwambia Gaston nilisema watakuja watu wawili watatu kusalimia. Akasema sawa, huku anatafuta soksi.

Lakini kile kicheko cha Prosper cha puani kilinikaa kooni. Alhamisi nikampigia simu, nikampeleka uwanjani (wiki hiyo bastola na risasi zake vilikuwa vinalala kwenye sanduku la chuma la klabu, na Gaston nilimwambia nakwenda kufanya jaribio moja dogo la mwisho, Mungu anisamehe), na mbele ya macho yake nikafyatua risasi tatu kati ya zile sita. Zikalia zote. Prosper akasema, "Ah tiens." Ndiyo yote niliyopata, "ah tiens", yaani "kumbe", kwa risasi tatu zilizong'arishwa kwa shati. Maganda yakatoka yamepasuka midomo, hayafai tena. Nikajituliza: mzee ana nguvu ya tatu, tatu zimebaki, hesabu imekaa sawa.

Jumamosi asubuhi wanakwaya walikutana kituo cha Gare du Nord, ishirini na watatu. Nilitegemea wanane. Maman Béa alikuwa amepita kwenye maduka ya Chaussée de Wavre kununua kitambaa kwa ajili ya wale waliokosa sare, kuna sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwa Kivu, kwenye ndoo, foufou, ugali wetu, imefungwa taulo isipoe. Wakapanda basi. Mimi nilimchukua Gaston kwa gari. Alikuwa amevaa suti ya bluu na tai, na mfukoni ameweka picha ya Simone, na njiani alikuwa akifinya mpira wa tenisi kwa mkono wa kulia, polepole, kama anayekamua chungwa bila kutaka kulimaliza.

Dirk alipoona basi linavyomwaga watu mlangoni kwake alikosa rangi. "Monsieur Bahati. Ndani wanaingia wawili." Ikabidi kwaya ikae kwenye kantini, ambayo ina dirisha kubwa la kioo linalotazama uwanjani. Sawa kabisa, ikawa kama ukumbi. Na kwa kuwa ni ukumbi, lazima kuna salamu. Mnajua salamu zetu: huwezi kumpungia mtu mzima mkono kwa mbali kama unaita teksi. Walipanga mstari. Mmoja mmoja wakamgonga kichwa kwa kichwa, kushoto, kulia, kushoto, wakamshika ule mkono wa kulia wakautikisa kwa upendo wote, na Tonton Prosper yeye aliutikisa kwa mikono miwili akiwa anaeleza habari ya kaka yake. Watu ishirini na watatu! Gaston alikuwa anatabasamu. Niliona ameficha mkono mfukoni baadaye, nikafikiri ni baridi.

Kisha nikatoa hotuba. Sikupanga, naapa, lakini mtu alinigongea glasi na kijiko, nikasimama. Nilianza na Japani, nikapita Kadutu, nikamtaja baba, nikaeleza fataki ni nini na kwa nini wengi wangeshindwa, nikaeleza subira yangu, akili yangu, vidole vyangu. Dakika ishirini, Furaha alipima. Gaston alisimama muda wote ameegemea fimbo, kwa sababu mtu mwenye adabu zake hakai wakati anatajwa, na mimi nilimtaja mwanzoni na mwishoni. Maman Béa akapanga mambo: "Nikiona muzee ameshusha mukono, tunapiga wimbo."

Tukaingia, mimi, Gaston na Dirk. Tukavaa vizuia sauti masikioni. Kwa sababu vidole vya mzee vinatetemeka, Dirk aliniruhusu nijaze mimi, palepale kwenye mstari, mtutu umeelekea shabaha. Nikafungua, nikaweka zile tatu kwenye matundu matatu yaliyofuatana, matatu mengine yakabaki matupu, nikapima kwa jicho ile ya kwanza iwe ndiyo itakayoletwa na mvuto wa kwanza, nikafunga pole kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto. Ilikuwa tayari, imekaa sawa. Nilichotakiwa kufanya ni kuiacha juu ya meza, mzee aiokote kwa kishikio.

Lakini nyuma ya kioo kulikuwa na macho ya watu wa kwetu ishirini na watatu. Na baba yangu alinifundisha, kwa kofi moja ambalo nalikumbuka mpaka kidole kilikogusa, kwamba mtu mzima hapewi kitu kwa mkono mmoja, iwe kikombe, iwe bisibisi. Mkono mmoja ni wa kumpa mbwa mfupa. Basi nikaishika kishikio kwa mkono wa kulia, nikaweka kiganja cha kushoto chini yake, mtutu mbele, nikainama kidogo, goti limekunjwa, nikamkabidhi. Kwenye kioo niliona akina mama wakitikisa vichwa: mtoto amelelewa. Sikuhisi chochote. Kiganja changu kilikuwa na jasho, na silinda ikazunguka juu yake taratibu, matundu matatu, ikatulia.

Gaston akainua mkono. Akapumua. Nikaona kidole kinaanza safari yake, kinavuta, kinavuta, mshipa wa shingo umesimama.

Tak.

Akashusha mkono kidogo kuitazama. Maman Béa akaona mkono umeshuka.

Hata na vizuia sauti niliwasikia. Besi zilikuwa na nguvu siku ile. Dirk akageuka kutazama kioo, akanitazama mimi, akatazama tena kioo, watu wanaruka, leso zinazunguka, Prosper ameinua simu anachukua video. Gaston akafikiri risasi moja imegoma, kama tulivyozoea, akainua tena. Akavuta. Tak. Wimbo ukapanda ubeti wa pili. Akapumzika, akavuta ya tatu, na hiyo niliiona ikimtoka mpaka kwenye bega, meno yameuma mdomo wa chini.

Tak.

"Usisogee," akasema Dirk. "Mtutu mbele. Tunasubiri." Hiyo ndiyo sheria, risasi iliyogoma inaweza kuamua kulia baadaye, kwa hiyo tulisimama pale watatu kama sanamu, na kwaya inaimba, na mimi nimeshaanza kutunga kichwani kwamba ni unyevu, ni fataki za siku hizi, ni mwenye duka aliyeniuzia. Dirk akaichukua, akaifungua. Risasi tatu zimelala upande wa pili, safi, fataki zake hazina hata mkwaruzo. Nyundo ilikuwa imegonga matundu matupu mara tatu.

"Silinda imesogezwa," Dirk akasema. "Nani ameigusa?"

Nikatazama kiganja changu cha kushoto. Kilikuwa na alama ya mafuta, mstari mweusi wa mviringo katikati. Nikakifunga.

"Basi si neno," akasema Gaston, na akacheka kidogo. "Tuzirudishe mahali pake." Dirk akazipanga mwenyewe, akaweka bastola mezani. Gaston akaiokota. Akavuta. Kifyatulio kikaja nusu, kikarudi. Akavuta tena, kikaja robo. Akajaribu kuweka kidole kingine juu ya kile, mtutu ukaanza kucheza, Dirk akasema kwa upole, "Hapana, Monsieur Gaston, hivyo hapana." Alijaribu mara moja tena. Kidole kilikuwa kinatetemeka chenyewe hata kabla hajavuta, na kwaya kule nyuma ilikuwa imenyamaza sasa, wameelewa kwamba kuna kitu, wamebandika nyuso kwenye kioo.

Akaiweka mezani.

"Fanya wewe, Bahati."

"Hapana, Papa Gaston. Tupumzike. Tutakunywa kahawa, baada ya saa moja—"

"Mpaka kesho," akasema. "Unajua kwamba ni mpaka kesho. Na kesho klabu imefungwa. Fanya, nataka kuisikia."

Nilifanya. Paa. Paa. Paa. Zote tatu zililia vizuri kuliko wakati wowote, na zote tatu zilikaa kwenye shabaha, mbili zimegusana. Kilichotokea kantini mmekiona kwenye video: nilibebwa. Maman Béa alinifuta jasho kwa leso mbele ya watu wote, Tonton Prosper akatangaza kwamba yeye alijua tangu Bukavu, wakaimba wimbo uleule toka mwanzo. Mnaniona nimeinua mikono. Nilikuwa ninajaribu kushuka, lakini kwenye video inaonekana ninashangilia. Gaston haonekani. Tazameni tena, kwenye kona ya kushoto kuna fimbo imeegemezwa kwenye kiti, basi.

Alikula sambaza kwa mkono wa kushoto. Alizisifu, akaomba aongezewe, akamuuliza Maman Béa zinakaangwaje, naye akamjibu kwa Kifaransa, "Na mafuta mengi, papa, na roho nzuri." Tukarudi kwa gari. Mpira wa tenisi ulikuwa umeangukia chini ya kiti, unaviringika kila nikikata kona, na wala hakuna aliyeinama kuuokota.

Nilipofika taa za barabarani za karibu na nyumbani nikaanza. "Papa Gaston, ni mimi. Ni mkono wangu. Na risasi zilikuwa sita, Alhamisi mimi—"

"Prosper ameniambia," akasema. "Alitaka kunisifia ulivyo hodari."

Taa ikawa kijani, nikachelewa kuondoka, mtu akanipigia honi.

"Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani," akasema Gaston. "Simone angeshtuka akamwaga kahawa." Kisha akaendelea kusugua kile kidole kwa kiganja cha mkono mwingine, kama mtu anayempa pole mnyama aliyejitahidi, na mimi nikalia, mbele ya usukani, mwanaume mzima na koti lake. Hakuniambia ninyamaze na hakuniambia si kitu. Kilikuwa kitu.

Jumatatu mkusanyaji alikuja akaichukua. Jumatano nilishuka ngazi kwa mazoea, nikagonga, binti yake akanifungulia, chumba cha chini kilikuwa maboksi. Sasa nyumba ile imeuzwa na nimehamia barabara ya pili. Kila Jumatano nakwenda kule wanakotunza wazee, nachukua biskuti za mdalasini, tunakaa dirishani. Na kila mara anapokuja muuguzi mpya, mzee ananishika bega anamwambia kwa fahari, bila kejeli hata chembe, "Huyu ndiye aliyeifyatua." Wauguzi wananipongeza. Ningependa zaidi anitukane.

Kwa hiyo ile tak, chekeni, nimewapa. Kinachonichoma ni zile paa tatu. Zilikuwa za mwenzangu na nikazila zote, nusu kwa sifa na nusu kwa adabu, na kila mtu alipiga makofi. Tangu hapo nimejiwekea sheria na Furaha ni shahidi: nikialikwa siku ya mtu mwingine, harusi, ubatizo, kipaimara, hata kuzima mishumaa ya keki, msinitafute mbele na msinipe kijiko na glasi. Niko nyuma, nabeba viti.